Bibi wa Nyakasanza

Mwezi uliopita chumba cha mwisho kwenye nyumba tunayopanga hapa Mwanza kilipata mpangaji mpya, na siku hiyo hiyo harufu ya jiko lake ilizua maneno. Wenzangu walifunga milango. Mmoja alisema kuna mtu anachoma tairi. Mimi nilikuwa natoka kazini, miguu imevimba, mfuko wa nyanya mkononi, nikasimama kwenye korido nisiweze hata kutafuta ufunguo. Yalikuwa mawese. Mtu alikuwa ameyaweka motoni akayaacha mpaka wekundu wake ukapotea na moshi ukapanda, ndipo akatia kitunguu. Ni harufu nzito, inakukaa kooni, na huwezi kumweleza mtu ambaye haikumlea.

Niliingia ndani nikakaa kitandani bila kuvua viatu. Ninyi wa rika langu mnaujua uchovu ninaousema. Si wa kazi peke yake. Ni ule wa kufika umri ambao kila mtu anakuuliza kwenu ni wapi, na utajenga wapi, na wewe jibu lako ni refu mno kwa mtu anayeuliza huku anatazama simu. Kwetu ni Geita. Lakini kuna kipande cha utoto wangu nilikiishi Bunia, huko Ituri, Kongo. Nikikihesabu ni kifupi. Nikikikumbuka hakiishi.

Baba yangu alikuwa fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Watu walimwita Fundi Deo. Aliposikia kwamba upande wa Mongbwalu, machimbo ya karibu na Bunia, karasha ni nyingi na mafundi ni wachache, alifunga spana zake kwenye gunia akaondoka. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baadaye Jumapili zikaanza kurukwa. Mama hakuwa mtu wa kugombana kwenye simu. Siku moja alimwambia tu, "Baba Devota, tunakuja," na kabla Baba hajajibu, simu ikakatika. Mama aliitazama ile simu kidogo, akaenda kuanua nguo.

Basi tukaenda. Tulibadilisha mabasi mpaka nikaacha kuuliza tumefika wapi. Tulivuka Uganda, tukavuka mpaka, tukapita Mahagi, halafu ikawa barabara ya vumbi jekundu lililotufanya abiria wote tufanane. Mama alikuwa na masanduku yake. Mimi nilikuwa na jambo moja moyoni: nilikuwa nimemwacha bibi. Bibi alikuwa mama yake Baba, na ndiye aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa. Nilijua kumkuna mgongo pale pale panapowasha bila kuelekezwa. Tulipoagana hakulia. Alinishika sikio, akasema, "Huko uendako, salimia wakubwa. Wasije wakasema hukulelewa."

Baba alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Mbunya, nyumba ya matofali ya kuchoma, na uani kulikuwa na mparachichi. Siku tuliyofika alicheka sana, kicheko cha mtu asiyejua mikono aiweke wapi. Alitununulia nyama, alibeba maji mwenyewe, na baada ya siku chache akasema mashine imegoma machimboni, akaondoka.

Mama alichoka kabla hata hajamaliza kufungua masanduku. Sokoni namba zote zilikuwa za Kifaransa, akawa anaonyesha vidole kama bubu. Alivaa khanga zake za nyumbani, na wanawake wa Bunia, waliovaa vitenge wanavyoviita bikwembe, kuanzia blauzi mpaka kilemba, walimtazama kwa huruma kama mtu aliyetoka nje na nguo za kulalia. Kiswahili chao kilimkera zaidi kwa sababu alikielewa. "Hawa watu wanasema 'iko' kwa kila kitu," aliniambia. "Mtu iko, mbuzi iko, Mungu iko." Nao walisema kwamba sisi tunaongea kama redio. Alasiri zote alikaa mlangoni, shavu kwenye kiganja, akitazama pikipiki zikipita. Akisema neno, lilikuwa la kwetu: sato, dagaa wa kukaanga, upepo wa ziwa. Hata mvua ya Bunia haikumfaa. "Mvua ya kwetu inapiga hodi," alisema. "Hii inaingia tu."

Mimi nililia pia. Kila asubuhi nikiamka nilimlilia bibi. Lakini, nisiwadanganye, ikifika mchana nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimempata Furaha.

Furaha alikuwa binti wa jirani, wa umri wangu. Familia yao ilikuwa ya wakulima wa Djugu, wakakimbia vita wakiacha mihogo shambani, na sasa wote walikaa kwa shangazi yake. Kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mgeni wa Bunia, alijua mgeni huonyeshwa nini kwanza. Alinionyesha jinsi ya kula parachichi kwa chumvi na bugali wa muhogo ungali wa moto. Alinionyesha ukuta ambao ukiupanda siku ya Jumapili unaona kanisa zima likicheza, gitaa, ngoma, akina mama wenye sare, na hakuna anayekufukuza. Alinifundisha kusimama barabarani malori meupe ya walinda amani yakipita, kupunga mkono, na kubishana baadaye kama yule askari alimpungia yeye au mimi. Shuleni, madamu akiita majina, Furaha ndiye aliyenikanyaga mguu ili niitike "prezan" badala ya "nipo". Na mara moja moja shangazi yake alitupandisha wote kwenye pikipiki moja, dereva mbele, sisi tumebanwa katikati, yeye nyuma na kapu lake, na upepo ule wa baridi wa Bunia ukinipiga usoni nilikuwa nacheka bila sababu. Nikirudi nyumbani na kumkuta Mama mlangoni, nilikuwa nafuta kicheko kwanza, kama mtu anayefuta ulimbo mdomoni.

Siku moja tulikuwa juu ya ukuta wetu tunakula mapera mabichi. Furaha akasema, kama mtu anayesema habari ya hali ya hewa:

"Papa yako iko na bibi yake kule Nyakasanza."

"Bibi yake?"

"Ee. Tanti yangu anamujua. Anauzisha mandazi."

"Kweli?"

"Ya kweli. Siye yote tunajua."

Sikuweza kumaliza pera langu. Bibi yake Baba! Basi huyo ni mkongwe, nikawaza, mkongwe kuliko hata bibi yangu wa Geita. Na ghafla mambo yote yakajipanga. Nikaelewa kwa nini Baba alikuja mbali namna hii. Hakuja kwa ajili ya dhahabu. Alikuwa na bibi aliyepotelea huku, pengine tangu zamani za vita, na amekuja kumtunza. Nikaelewa kwa nini siku nyingine alisema anakwenda machimboni na huku amevaa shati safi lililopigwa pasi. Nani huenda kwa bibi yake na ovaroli? Nikaelewa hata kwa nini hakutuambia: alitaka kutushangaza. Ilinipa furaha ambayo siwezi kuieleza. Nilikuwa nimemlilia bibi kila asubuhi, kumbe wa pili yuko ng'ambo ya mji.

Jumamosi Mama alipolala kidogo, nilichukua kipande cha sabuni na majani ya chai tuliyotoka nayo nyumbani, maana kwa bibi hakuendwi mikono mitupu. Furaha alinipeleka. Tulipita karibu na soko la Nyakasanza, tukaingia kichochoro chenye matope, na hapo, chini ya turubai mbele ya nyumba ndogo, mwanamke alikuwa anachoma mandazi. Alikuwa kijana, uso wa duara, nywele amesuka kwa uzi zikasimama kama miiba, na tumbo lake lilikuwa limetangulia mbele ya kikwembe cha manjano.

"Shikamoo," nikasema.

Alimgeukia Furaha. "Anasema nini?"

"Anakupatia bonzur," Furaha akamjibu.

"Bonzur, mutoto. Unataka mandazi?"

"Hapana. Natafuta bibi yake Fundi Deo."

Mwiko ukasimama kwenye mafuta. "Njo miye," akasema, akijigusa kifua.

Nilitazama nyuma yake, nikingoja mtu mwingine atoke ndani. Hakutoka mtu. Lakini kwenye kamba niliona ovaroli ya Baba, ile ya bluu, yenye kiraka gotini alichokishona Mama. Basi nyumba ilikuwa hii hii. Nikajiambia kwamba huku kisamvu ni sombe, shangazi ni tanti, hata "nipo" ni "prezan". Kwa nini na bibi asiwe kijana? Nikapiga goti nikamtolea sabuni na chai kwa mikono miwili.

"Weye ni mutoto ya nani?"

"Mimi Devota. Mtoto wa Fundi Deo. Tumetoka Geita, mimi na Mama."

Mandazi yalianza kuwa meusi, na mteja mmoja akapiga kelele, "Mama, inaungua!" Aliyaondoa polepole, moja moja, kama vile hakuwa na haraka tena na kitu chochote.

"Na mama yako," akauliza, "iko muzima?"

"Mzima. Ila anachoka sana. Na hali. Anasema chakula cha huku hakimpiti."

Alikaa kwenye kibao, mkono juu ya tumbo, akaitazama ile chai yetu. Kisha aliinuka akaingia ndani, akatoka na sufuria ndogo ya sombe ya mawese iliyofungwa kwa kitambaa. "Pelekea mama yako," akasema. "Umwambie..." Akakaza fundo la kitambaa. "Hapana. Usimwambie kintu. Pelekea tu."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alitoa chakula siku ile. Nadhani mikono yake ilihitaji kufanya kitu, na kitu kilichokuwa karibu kilikuwa sufuria.

Mama alikuwa ameamka, yuko mlangoni pake. Nilianza kumweleza tangu getini.

"Mama! Baba ana bibi yake huku!"

"Bibi gani? Bibi yake baba yako alikufa kabla sijaolewa."

"Yupo! Yuko Nyakasanza, anachoma mandazi. Hana hata mvi moja. Na ana mimba."

Niwaeleze hapa jambo ambalo sikulijua. Huko Bunia bibi si mama wa baba wala mama wa mama. Huyo wanamwita koko. Bibi ni mke. Mama alikuwa amekaa mlangoni pale muda wa kutosha kuyasikia mazungumzo ya wapita njia, na alilijua neno hilo. Hakunieleza. Alipokea sufuria, akafungua kitambaa, akanusa. Aliniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo. Kisha alinawa mikono, akala ile sombe peke yake, polepole, mpaka akakwangua ukoko. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ameshiba tangu tufike.

Kesho yake aliisugua sufuria kwa majivu mpaka ikang'aa. Alivaa khanga yake nzuri. "Chombo cha mtu hakilali kwa mtu," akasema, ingawa kilikuwa kimeshalala. "Nionyeshe njia."

Tulipofika, yule mwanamke alituona kwa mbali akasimama. Alifuta kibao kwa upindo wa nguo yake mwenyewe.

"Karibu, mama. Ikala."

Mama hakukaa. "Nimeleta sufuria. Mimi ni Mama Devota."

"Ninajua. Mimi naitwa Asifiwe."

Walitazamana. Mama alikuwa mrefu, na siku ile alionekana kama mti uliokaukia wima. Asifiwe ndiye aliyeshindwa kwanza. Machozi yalianza kumtoka bila sauti.

"Mama, mimi hapana juwa," akasema. "Kwa Mungu. Aliniambia bibi yake alikufa. Alilia hata. Aliniambia alimuzika kule kwenu, Geita."

Sikusubiri zaidi. Nilikuwa nimesikia yote yaliyonitosha: bibi amekufa, amezikwa Geita, Baba amelia, na wakubwa wamenificha. Nilijitupa chini kwenye matope nikapiga yowe ambalo Furaha alisema baadaye lilisikika sokoni. "Bibi yangu! Bibi yangu amekufa hamkuniambia!" Watu walisimama. Mwenye pikipiki alizima injini.

"Juu ya nini analia hivi?" Asifiwe akauliza, ameshtuka.

Mama alinikodolea macho. Nilimwona akifikiri, akilirudia lile neno kichwani, na polepole uso wake ukabadilika. Sauti ilimtoka, nikadhani naye anamlilia bibi. Haikuwa kilio. Mama alikuwa anacheka. Alicheka akajishika kiuno, akacheka mpaka khanga ikamlegea, kicheko kibaya na kizuri kwa pamoja, na sikuwa nimekisikia tangu Geita.

"Nyamaza, Devota. Bibi yako mzima, anakula ugali wake sasa hivi," akasema. "Aliyekufa ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nimezikwa Geita, na baba yako amenililia."

Asifiwe alijiziba mdomo. Kicheko kilimponyoka kupitia vidoleni, na machozi yalikuwa bado yanamtoka. Mama alijifunga khanga yake upya, akaketi kwenye kile kibao.

"Nipe maji," akasema. "Marehemu ana kiu."

Ndivyo ilivyoanza. Mama alitaka tuondoke wiki ile ile, lakini habari zilikuja kwamba njiani kuelekea Mahagi watu wameteremshwa kwenye magari na wengine hawakurudi, na madereva wakakataa kwenda. Bunia ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Kwa shangazi yake Furaha waliongezeka wengine, wakawa wanalala kwa zamu. Tukabaki. Baba aliporudi kutoka machimboni alitukuta Nyakasanza, Mama na Asifiwe wanamenya muhogo kwenye beseni moja. Alisimama kizingitini na gunia lake la spana, kama mtu aliyekosea nyumba.

"Karibu, Baba Devota," Mama akamwambia. "Marehemu amekupikia."

Baba alitazama mmoja, akatazama mwingine. Alisema kuna mashine ameiacha wazi, mvua itaingia. Akaondoka bila kula. Tangu hapo machimbo yakawa ndiyo nyumba yake, na salamu zake zikawa zinaletwa na watu wengine. Nilikuwa nampenda Baba, na bado nampenda, lakini picha yake niliyobaki nayo ni ya mgongo.

Sitaki mdhani wale wanawake walipendana. Mama hakumpenda Asifiwe. Kuna siku alilala akiutazama ukuta, akasema hataki kumwona yule mtoto wa watu, akiwa na maana Asifiwe. Lakini tumbo la Asifiwe lilikuwa limekuwa zito na beseni la unga lilikuwa linamshinda, na Mama hakuweza kumwona mtu akinyanyua vibaya. Akawa anakwenda asubuhi kumnyanyulia. Kisha akawa anakanda. Kisha akawa anachoma, na mandazi yake yalikuwa na iliki, na watu wa Nyakasanza wakaanza kuyaulizia "ile ya Mama Tanzania". Alimzoea. Kuzoea kuna nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Na katika kuzoea huko, vitu vidogo vidogo vya Bunia vikampata. Alishonewa blauzi ya kikwembe na fundi wa sokoni, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mtu. Alijifunza namba za Kifaransa kwa kuzipigia kelele, mkono kwenye unga. Alasiri, kazi ikiisha, walikaa chini ya turubai, miguu wameinyoosha, Asifiwe akimsimulia umbea wa kichochoro kizima, na Mama akisema, "Hapana! Ya kweli?" bila kutambua anavyoongea. Siku moja nilimsikia akimwambia mteja, "Mandazi iko moto." Nilimtazama. Alinitazama.

Mtoto alikuja mchana wa jua kali, kabla ya siku zake. Asifiwe alishika meza ya mandazi ikapinduka. Mama alisimamisha pikipiki kwa kusimama katikati ya njia, akampakia Asifiwe, akapanda nyuma yake akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia dereva, "Ukitutupa kwenye shimo hata moja, nitakufuata mpaka kwenu." Mimi na Furaha tulikimbia nyuma mpaka ikatupotea. Tulipofika kwenye kituo cha afya, Mama alikuwa ameketi barazani na kifurushi. Uso wake ulikuwa umechoka kuliko siku zote, na ulikuwa umetulia. "Njoo umwone mdogo wako," akasema. Aliitwa Baraka, na aliyemchagulia jina ni Mama, kwa sababu Asifiwe alisema yeye hana nguvu ya kufikiri.

Barabara ilifunguka mvua zilipopungua. Wakati huo nilikuwa nimeacha kulia asubuhi, na sikukumbuka ni lini niliacha. Furaha alinipa jiwe lake la kuchezea, akanikataza kufungua mdomo, eti tukiongea tutalia. Asifiwe alikuja mpaka yanapopakia magari, Baraka mgongoni. Walisimama yeye na Mama karibu na tairi la nyuma, na nilisogea nisikie watakachoambiana.

"Usimpe maji bado," Mama akasema. "Maziwa yanatosha."

"Sawa, mama."

"Na beseni usinyanyue peke yako."

"Sawa."

Asifiwe alinyoosha mkono akamwekea vizuri kola ya blauzi. Gari likapiga honi. Mpaka leo hupigiana simu, na Baraka ni kijana mwenye sauti nzito, naye hunisalimia "shikamoo" kwa kunicheka. Vurugu zimekwenda na kurudi huko, na kila zikirudi Mama haweki simu chini. Nimemwambia mara nyingi apumzike. Hunijibu kwamba atapumzika.

Tulifika Geita adhuhuri. Bibi alikuwa anaanika mihogo, akaiangusha. Alinikumbatia, akaninusa kichwa, akasema nimerefuka kama mgeni. Alichinja jogoo. Majirani walijaa uani, na wakaleta vitu vyote ambavyo Mama alivililia mlangoni kule Mbunya: sato mzima wa kukaanga, dagaa, mchicha wa karanga. Nilikalishwa ubavuni mwa bibi, mahali pangu pa siku zote, na kila mtu alikuwa ananitazama.

"Haya, tuambie," mmoja akasema. "Kongo kukoje?"

"Iko muzuri," nikasema.

Uwanja mzima ukacheka. Walicheka kwa upendo, najua sasa, lakini nilihisi uso ukinichoma. Mtoto mmoja alirudia, "Iko muzuri! Iko muzuri!" Bibi aliwanyamazisha, akanisogezea kichwa cha samaki, kile ambacho huko nyuma tulikigombania. Nilikitazama. Nilijaribu kula. Halafu machozi yakaja, mengi, bila kuniuliza.

Bibi alinishika paji la uso. "Mtoto anaumwa?"

"Haumwi," Mama akasema.

"Sasa analia nini, na amefika nyumbani?"

Mama alikuwa na kichanga cha jirani mapajani, na kwa mkono mwingine alikuwa anamtoa miba samaki wake. Hakuinua macho.

"Mwache, Mama," akasema. "Analilia kwao."